Maneno mawili kwenye pakiti ya unga: kisa cha kisiagi cha Kisauni

Kisiagi cha shangazi yangu kiko Kisauni, Mombasa, kati ya fundi cherehani na muuza makaa. Kwa miaka mingi alisaga mahindi ya watu tu: unakuja na mfuko wako, unasagiwa, unalipa, unaondoka na vumbi kwenye nyusi. Miaka hii ya karibuni akaanza kufunga unga wake mwenyewe, pakiti za kilo mbili, unga wa posho usiokobolewa. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, anayo, na ile ya virutubishi pia, maana tangu 2012 unga wa pakiti nchini Kenya lazima uongezwe vitamini na madini. Mimi humwekea hesabu kila mwisho wa mwezi, na malipo yangu ni chakula cha mchana.

Katikati ya mwaka 2025 alinipigia simu. "Mwanangu, njoo unisomee karatasi. Wameniandikia Kizungu cha kurasa mbili kwa sababu ya maneno mawili."

Karatasi ilitoka kwa mkahawa mmoja wa Nyali ambao humchukulia pakiti 200 kila mwezi. Walitaka pakiti hizo ziandikwe "Haina GMO", yaani haina mahindi yaliyobadilishwa jeni, nao wangeongeza shilingi 10 kwa kila pakiti. Shangazi alikuwa ameshapiga hesabu kabla sijafika, kwa chaki, kwenye mlango wa mashine: 200 mara 10, 2,000. "Elfu mbili kwa maneno mawili," akaniambia. "Ni nani atakataa?"

Nikamwomba asipeleke kitu kwa mchapishaji mpaka tukae. Tulikaa Jumapili mbili. Yaliyotoka humo ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa kuwa kila anayezungumzia lebo za GMO huzungumzia afya, na ni wachache wanaouliza lebo yenyewe inalipiwa na nani.

Kwanza ieleweke kwa nini mkahawa uliuliza wakati ule. Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009, na kanuni zake za lebo zilitoka 2012: chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya kitu kilichobadilishwa jeni lazima kiandikwe hivyo. Adhabu chini ya sheria ile si mchezo, faini inaweza kufika shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Lakini mwaka uleule wa 2012, mwezi wa Novemba, Baraza la Mawaziri likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, likitaja utafiti wa panya wa Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa. Utafiti ule uliondolewa na jarida lililouchapisha mwaka uliofuata, marufuku ikabaki. Kwa hiyo kwa miaka kumi tulikuwa na lebo ya lazima isiyo na cha kubandikwa. Tarehe 3 Oktoba 2022, ukame ukiwa umekaza na bei ya unga imepanda hadi haishikiki, serikali ikaondoa marufuku. Kesi zikafuata, moja juu ya nyingine, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha tena uingizaji na upanzi hadi rufaa isikizwe. Kila habari ilipotoka redioni, mteja fulani wa Nyali aliinua macho kutoka kwenye sahani na kumuuliza mhudumu swali. Mhudumu akamuuliza meneja, meneja akamwandikia shangazi.

Mombasa si ngeni kwa jambo hili. Mwaka 2010 shehena ya tani 40,000 za mahindi kutoka Afrika Kusini ilizua zogo bandarini hapa kwa sababu ilikuwa na mahindi ya GMO, na nakumbuka watu walivyokuwa wakiulizana sokoni kama tayari wamekwisha kuyala. Hakuna aliyeweza kujibu. Ukiyatia mahindi mkononi, ya GMO na yasiyo ya GMO, huwezi kuyatofautisha kwa macho wala kwa ulimi.

Hapo ndipo penye kiini cha uchumi wake. Nazi unaitikisa sikioni ukasikia maji, ukajua kabla ya kulipa. Embe ngowe unalipa kwanza, unalikata nyumbani, na kama lina funza humrudii tena muuzaji yule. Umejua baada ya kulipa, lakini umejua. Kuna aina ya tatu, ambayo umelipa, umepika, umekula, umeosha chungu, na bado hujui ulichokula. Wanauchumi Michael Darby na Edi Karni waliieleza aina hii mwaka 1973, miaka mitatu baada ya George Akerlof kuandika juu ya magari mabovu na jinsi soko linavyoharibika pale muuzaji anapojua asichokijua mnunuzi. Kwa bidhaa ya aina hiyo ya tatu, lebo ndiyo bidhaa yenyewe. Mkahawa wa Nyali haukuwa unanunua unga tofauti na ule wa mwezi uliopita, unga ulikuwa uleule. Ulikuwa unanunua maneno.

Na maneno yana gharama ya kuyathibitisha. Hapa hesabu ya mlangoni ikaanza kuharibika.

Shangazi hununua magunia 20 kwa mwezi kwa ajili ya pakiti zake, gunia la kilo 90. Hiyo ni kilo 1,800, ukitoa upotevu unapata karibu pakiti 900. Tuseme kupima sampuli moja maabara kunagharimu shilingi 10,000; nimeiweka namba hiyo kwa urahisi wa hesabu, wewe weka yako. Ukigawanya kwa pakiti 900 unapata shilingi 11 na senti kidogo kwa kila pakiti, na mkahawa unaongeza 10. Hasara ya shilingi moja, unaweza kusema si kitu.

Ila wanaoongeza hiyo 10 ni wenye pakiti 200 tu. Zile 700 nyingine zinaishia kwenye maduka ya Kisauni na Mwandoni, ambako mtu huuliza bei, na bei ikipanda shilingi tano anahamia pakiti ya jirani. Gharama ya kipimo basi inabebwa na zile 200: shilingi 50 kwa kila pakiti, dhidi ya nyongeza ya 10. Nikasema, "Shangazi, kila pakiti utakayowapelekea Nyali utakuwa umewalipa shilingi 40 wakubali kuinunua." Akafuta ile 2,000 mlangoni kwa kiganja.

Sasa mpe mtu mwenye lori la magunia 300 kipimo hichohicho. Pakiti 13,500, gharama haifiki shilingi moja kwa pakiti. Mpe mwenye meli ya tani 30,000: pakiti milioni 15. Hata akipima mara kumi zaidi, yaani shilingi 100,000, haifiki senti moja kwa pakiti. Lebo ni ileile, herufi zilezile, lakini kwa mwenye meli ni vumbi na kwa mwenye kisiagi ni kodi. Ndiyo maana mimi huwa sishangai nikiona kampuni kubwa duniani zikipinga lebo kwa kelele leo na kesho zikiizoea bila shida. Anayeumia hana ofisi ya kupiga kelele.

Nikajaribu njia ya mkato. Kuna vile vijikaratasi vya kupimia: unasaga punje, unatia maji, unachovya, unangoja mstari. Ni rahisi na ni haraka. Tatizo ni kwamba kila kijikaratasi kinatafuta protini yake. Kinachotafuta Cry1Ab, protini ya mahindi ya MON810 yanayojikinga na viwavi, kitakaa kimya mbele ya mahindi yaliyobadilishwa kwa njia nyingine. Ukitaka kuandika "haina" unatakiwa uwe umetafuta kila kitu. Anayeandika "ina" anahitaji kupata kimoja tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya mzigo umwangukie asiye na GMO, kwa sababu yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kutokuwepo kwa kitu. Ni sawa na kumwambia mtu athibitishe hana deni na yeyote mjini.

Halafu kuna kile kiwango cha asilimia 1. Punje ya mahindi ina uzito wa kama theluthi ya gramu, kwa hiyo gunia la kilo 90 lina punje kama 270,000. Asilimia moja ni punje 2,700, vibaba viwili hivi havifiki. Wakulima wengine wamechanganya magunia shambani, madalali wakachanganya tena ghalani, na lori lililobeba mzigo mwingine wiki iliyopita halikufagiwa vizuri. Ulaya wameweka asilimia 0.9, Japani na Afrika Kusini asilimia 5, Marekani pia 5. Kila unapokaza kiwango, unaongeza gharama ya kutenganisha: ghala lake, lori lake, mashine yake. Sisi tulichukua kiwango kilicho karibu na cha Ulaya, ilhali mahindi yetu mengi hupita kwa dalali na mkokoteni.

Shangazi alinionyesha maana ya kutenganisha bila kujua kwamba anafundisha uchumi. Alizima mota, akafungua koo la mashine, akaingiza mkono. Akatoa konzi ya unga wa asubuhi, wa mteja mwingine, ulioganda kwenye kona ya chuma. "Huu ni wa mama wa pale nyuma," akasema. "Kila mtu hapa huondoka na kidogo cha aliyemtangulia." Ili kusafisha kabisa ni lazima usage gunia zima la kwanza na kulitupa, au kuwapa kuku. Gunia zima, kila mwezi.

Nadhani kisa kingeishia hapo kama si swali alilouliza Jumapili ya pili. Alikuwa anakuna nazi, hakuniangalia. "Lakini si mahakama imekataza? Kama yamekatazwa, basi unga wa kila mtu hauna. Sasa mimi nikiandika wangu hauna, si nitakuwa nasema wa jirani unayo?"

Sikuwa nimelifikiria. Mahindi anayonunua hutoka Taveta, Kitale au Tanzania, ambako hakuna mkulima anayeruhusiwa kuyapanda ya GMO kwa biashara. Pakiti yake ikisema "Haina GMO", itakuwa inasema kweli, na itakuwa inasema kweli tupu, isiyo na kitu ndani, kama mtu wa kuuza chumvi kuandika "Haina mifupa". Na kweli tupu inaweza kudanganya. Mteja anaposoma "haina" kwenye pakiti moja, mkono wake unaiogopa pakiti ya pili. Ile 10 ya ziada haitoki kwenye ubora wowote ulioongezwa, inatoka kwenye hofu iliyotiwa kwa jirani. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza kauli za kupotosha wateja, na sitaki kujifanya wakili, lakini nisingependa shangazi awe wa kwanza kukijaribu.

Ukipita kwenye rafu za duka kubwa utaona mtindo huu umeshafika. Utakuta maneno ya aina hiyo kwenye mafuta ya kupikia ya mawese, na mawese ya GMO hayalimwi popote kwa biashara. Soya ingekuwa na haki ya kuulizwa, kwa kuwa sehemu kubwa sana ya soya ya Marekani, Brazil na Argentina ni ya GMO. Lakini hapo tena kuna fundo: mafuta yakishasafishwa sana hayabaki na jeni ya kupima. Ulaya huyawekea lebo kwa kufuata karatasi za yalikotoka, bila kujali kipimo. Ajabu ni kwamba Ulaya hiyohiyo haiwekei lebo nyama, maziwa na mayai ya wanyama waliolishwa soya ya GMO, na huiagiza kwa meli. Lebo hufuata mahali penye siasa, haifuati jeni.

Kuna jambo jingine la Ulaya ambalo watetezi wa lebo, nami nikiwamo siku nyingine, hulisahau. Sheria zao za lebo zilikusudia mnunuzi achague. Wenye maduka makubwa walivyoona hivyo, wakaogopa kuonekana na pakiti yenye maneno yale, wakabadilisha viungo. Bidhaa zenye lebo karibu zikatoweka rafuni. Kitu kilichowekwa ili mtu achague kikaondoa cha kuchaguliwa. Upande mwingine, Vermont kule Marekani lebo ilipoanza Julai 2016, watafiti Jane Kolodinsky na Jayson Lusk waliona upinzani dhidi ya GMO ukipungua kwa asilimia 19 ukilinganisha na kwingineko nchini. Watu walipoambiwa waziwazi, wasiwasi ulishuka. Kwa hiyo anayekwambia lebo lazima itatisha, na anayekwambia lebo lazima itatuliza, wote wawili wamechagua nchi ya mfano.

Haki ya kujua ipo, Katiba yetu katika Ibara ya 46 inampa mlaji haki ya kupata habari anayohitaji. Siibishii. Ninachobishia ni mahali habari hiyo inapoandikwa. Nenda Kongowea asubuhi. Mahindi yamemwagwa kwenye turubai, unapimiwa kwa gorogoro, unatiliwa kwenye mfuko wako, unayapeleka kisiagini mwenyewe. Hakuna pakiti. Lebo humlinda anayenunua pakiti, yaani yule ambaye tayari ana nafasi ya kuchagua. Anayenunua kwa kopo, lebo hampati hata ikiwa ya dhahabu.

Na hapa nitatoka nje ya mada kidogo, nivumilieni. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu, ile aflatoksini, yaliua watu 125 Ukambani, Makueni na Kitui hasa. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha aina tano za unga wa pakiti kwa sababu hiyohiyo. Machi 2021 mahindi ya Tanzania na Uganda yalizuiwa mpakani kwa siku chache, kisha yakaruhusiwa kwa sharti la cheti kuonyesha hayazidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumu hii haina lebo, na haipaswi kuwa nayo. Huwezi kumwambia mtu achague kama anataka unga wenye sumu. Inapimwa, ikizidi inatupwa. Shangazi anaweza kupambana nayo kwa kipima unyevu na turubai la kuanikia, mahindi yashuke hadi asilimia 13.5 kabla ya kuwekwa. Shilingi 10,000 za kipimo cha GMO kila mwezi zingenunua kipima unyevu mapema sana. Meneja wa Nyali hakuuliza hata siku moja kuhusu unyevu.

Basi tukamjibu mkahawa. Barua niliiandika mimi, maneno ni ya shangazi: siwezi kukwambia kisichokuwamo, naweza kukwambia yalikotoka. Alikwenda kwa fundi mihuri Mwembe Tayari akatengenezewa muhuri wenye neno "Mahindi:" na nafasi ya kupachika jina la mahali. Vipande vitatu: Taveta, Kitale, Tanzania. Kupiga chapa pakiti mpya kwa kila mzigo kungemla, mchapishaji hataki kusikia chini ya maelfu. Muhuri unagharimu mara moja. Wino wa kwanza ulichafuka vibaya, vumbi la unga huunywa kama kaimati zinavyokunywa shira, ikabidi pakiti zipigwe muhuri kabla ya kujazwa, chumba cha pili, mlango umefungwa.

Mkahawa ulikubali nusu: shilingi tano badala ya 10, na magunia yawe ya mahali pamoja. Shangazi hutenga magunia matano, yanatosha pakiti 200 na ziada kidogo, anayafunika kwa turubai la buluu pembeni na kuyasaga siku ya Jumatatu alfajiri kabla ya mteja yeyote, baada ya kupangusa koo la mashine. Hiyo ndiyo kazi ya kutenganisha, na imemgharimu muhuri, turubai na usingizi wa saa moja. Zile 700 nyingine hazina muhuri, zinauzwa bei ileile, na hakuna mtu Kisauni aliyeuliza.

Mwezi uliopita nilipita mkahawani na mgeni. Kwenye menyu sasa imeandikwa "Sima ya mahindi ya Taveta", na sahani imepanda shilingi 50. Niliipiga picha menyu nikamtumia shangazi. Alikaa kimya kama dakika mbili, kisha akaniandikia: "Pakiti moja ya kilo mbili inatoa sahani ngapi?"